Tembo, Sisimizi na Kumi na Moja Nukta Mbili

"Kipanga, roketi inaruka saa tano kamili. Una dakika kumi na mbili. Msaliti yumo humo humo chumbani."

"Nimekusikia, Mkuu."

Jasusi Kipanga aliingia chumba cha kuongozea roketi amevaa koti jeupe la fundi, bastola ya Beretta kiunoni. Watu tisa, skrini tisa. Hakuna aliyemtazama. Alishazoea. Tangu mke wake afariki alikuwa akila wima jikoni, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimshinda.

Roketi ilibeba kazi ya marehemu: kipimo cha mionzi alichokiunda kwa miaka sita, juu ya meza hiyo hiyo. Majasusi wa nje walikitaka. Meli yao ilikuwa baharini ikisubiri. Chombo kingerushwa polepole kidogo tu, kingerudi chini na kuwaangukia mikononi.

Alipita nyuma ya viti. Kwenye skrini ya tano akasimama.

"Mbona kasi ni kumi nukta tisa?"

"Jana tulipunguza mzigo kilo arobaini, kaka," alijibu mpiga hesabu, mgeni kazini. "Kitu chepesi kinatosheka na kasi ndogo."

Kipanga akamkumbuka mkewe na chaki yake.

"Sikiliza, mume wangu. Nishati haipotei. Ya mwendo ni nusu ya tungamo ya chombo, mara kasi, mara kasi tena. Ya kujinasua ni namba ya mvutano, mara tungamo ya dunia, mara tungamo ya chombo, gawa kwa umbali toka kitovu cha dunia. Zikilingana, chombo kinaenda kikichoka, lakini hakirudi. Haya, tungamo ya chombo si iko pande zote mbili? Kata! Inabaki kasi, nayo ni kilomita kumi na moja nukta mbili kwa sekunde. Awe tembo, awe sisimizi."

Kipanga akainama.

"Kaka, kati ya tembo na sisimizi, nani anahitaji kasi kubwa kuitoka dunia?"

"Tembo, bila shaka!"

Vichwa vinane viligeuka. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia kwenye swali moja.

Mkono wa mgeni ulizama mfukoni.

Beretta ilitangulia shingoni mwake.

"Mikono mezani."

Walinzi wakamtoa. Zilibaki dakika tatu.

"Kipanga, tuweke kasi gani?" Mkuu aliuliza kupitia kifaa cha sikioni.

Kumi nukta tisa ingerudisha duniani kitu ambacho mikono ya mkewe ilikigusa. Alikitaka.

"Kumi na moja nukta mbili."

Saa tano kamili vioo vilitetema. Hakungoja kuona moshi. Alivua koti, akashuka hadi kantini.

"Sahani ngapi, baba?" mpishi aliuliza.

"Moja."

Akavuta kiti, akaketi.