Pamba Kwenye Kaktusi ya Babu

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Joëlle mjini Likasi, Kongo, kila mtu alikuwa na ufagio au kitambaa mkononi. Wakati wa kiangazi malori ya madini huinua vumbi jekundu, nalo halipigi hodi: linaingia kwenye viti, kwenye vikombe, hata kwenye nywele. Mama alifuta madirisha. Joëlle alikuwa na kazi yake mwenyewe, ndogo lakini ya heshima, nayo ilikuwa kuitunza kaktusi ya babu yake.

Kaktusi hiyo ilikuwa ya mviringo, yenye miiba mingi, na ubavuni ilikuwa imezaa vitoto. Iliota kibarazani ndani ya kofia ngumu ya mgodini. Ndiyo, kofia! Babu Zéphirin alipostaafu aliigeuza juu chini, akaitoboa matundu ili maji yasituame, akatia mchanga, akapanda. Majirani walimcheka. Yeye alisema kofia hiyo ilimlinda kichwa miaka yote, sasa ipumzike ilinde kitu kizuri. Basi kila mwaka kiangazi kilipokaribia kwisha, kaktusi ilitoa ua kubwa jeupe, na wale wale waliocheka wakaja kulitazama.

Sasa babu alikuwa amefariki, na mwaka ulikuwa karibu kutimia. Familia ilijiandaa kumaliza matanga. Siku hiyo watu wangevua nguo za msiba na kwenda makaburini pamoja. Bibi yake Joëlle, Kaku Kabedi, alitaka jambo moja tu: aiweke kaktusi ya mumewe juu ya kaburi lake ikiwa na ua. Kitumba cha ua kilikuwa kimeshajitokeza.

Lakini Kaku aliitwa aende mji wa Kakanda kumsaidia binti yake, Marcelline, aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kupanda teksi alimshika Joëlle mkono.

"Mutoto wangu, kila Jumamosi uchungulie kati ya miiba. Ukiona kitu usichokijua, unipigie simu. Umesikia?"

"Nimesikia, Kaku. Minye nitaichunga."

Mwanzoni aliichunga kweli. Kisha wasichana wa mtaa wakaanza mazoezi ya nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu kwa nyimbo na makofi, na kwa miguu Joëlle hakuwa na mpinzani. Jumamosi moja aliona kitu cheupe kati ya miiba, kama pamba iliyonyofolewa. Alikigusa kwa kijiti. Chini yake kulikuwa na kidudu kinachojikokota. Hapo rafiki yake Fidélie akaita kutoka barabarani.

"Weye Joëlle! Tunaanza!"

Akaiacha ile pamba, akatoka mbio. Jioni Kaku alipiga simu kuuliza hali ya kaktusi.

"Iko bien, Kaku," alijibu haraka. "Ni vumbi tu kidogo. Nimeshaifuta."

Hakuwa ameifuta. Alijiambia atafanya kesho, na kesho ikaja na mambo yake. Jumamosi iliyofuata pamba ilikuwa imekizunguka kitumba, na sisimizi walipanda na kushuka kama watu wa sokoni. Joëlle aliona, akajitia hamnazo. Angemwambiaje Kaku, naye alishasema ni vumbi? Kila alipoulizwa kwenye simu alirudia yale yale, na kila alipoyarudia, kusema kweli kukazidi kuwa kugumu.

Kitumba kikanyauka, kikaanguka. Loo! Hapo ndipo Joëlle alipoogopa kweli. Alimnong'oneza Fidélie habari yote.

"Mimina mafuta ya taa," Fidélie alisema. "Baba anawamwagia kunguni, wanakufa wote."

Mama alipokwenda sokoni, Joëlle alichukua chupa nyuma ya jiko, akaimwagia kaktusi bila huruma. Wadudu walikufa, ndiyo. Lakini baada ya siku chache kaktusi yenyewe iligeuka manjano, kisha kahawia, ikalainika kama nyanya iliyooza. Joëlle aligeuza kofia ili upande mbaya utazame ukuta.

Kaku alirudi matanga yakiwa yamekaribia kumalizwa. Hata mfuko hakuutua. Alikwenda moja kwa moja kibarazani, akanusa, akaigeuza kofia.

"Joëlle! Kuja hapa. Hii ni nini?"

"Ni... ni vumbi, Kaku. Vumbi jeupe."

"Vumbi jeupe? Hapa Likasi?" Kaku alipitisha kidole juu ya ukuta wa kibaraza, akamwonyesha. Kidole kilikuwa chekundu. "Vumbi letu ni hili."

Joëlle akaangua kilio, akasema yote: kidudu, nzango, simu, mafuta ya taa. Kaku hakumfokea. Heri angemfokea. Aliketi kwenye kigoda, akaweka mkono juu ya ukingo wa kofia.

"Nilikuwa nimeshamwambia," alisema polepole. "Siku ile ya kwenda Kakanda nilipita kaburini. Nilimwambia Zéphirin ua linakuja."

Joëlle alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kaku aliinama, akachunguza tena. Kitoto kimoja, kilichojificha chini ya ukingo, hakikuguswa na mafuta, ingawa kilikuwa na pamba yake. Akakikata kwa kisu. Akachovya pamba ya dawa kwenye alkoli, akawagusa wadudu mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Unaona? Ni hivi tu," alisema.

Walikiacha kivulini mpaka kidonda kikakauka. Joëlle mwenyewe alikwenda kuitupa kaktusi kubwa, akaisugua kofia kwa sabuni, akatia mchanga mpya. Kitoto walichokipanda humo kilikuwa kidogo kama ndimu.

Siku ya kumaliza matanga, Kaku aliiweka kofia juu ya kaburi. Shangazi Marcelline, mtoto mgongoni, akashangaa.

"Mama, na ua liko wapi?"

Kaku alifungua mdomo. Joëlle akamtangulia.

"Ni minye, shangazi. Niliona wadudu, nikasema ni vumbi."

Watu wote walimtazama.

Waliporudi, Kaku aliibeba kofia mwenyewe, kwa maana kitoto bado kilihitaji uangalizi.

"Kitatoa ua lini, Kaku?" Joëlle aliuliza.

"Miaka, mjukuu wangu. Sijui kama minye nitaliona." Joëlle alianza kulia tena, na Kaku akamshika bega. "Sikiliza. Wadudu wana dawa. Jumamosi ile ya kwanza, kipande cha pamba kingetosha. Dawa haikukosekana, kilichokosekana ni neno lako la kweli. Kosa likiwa bado dogo, lilete, tutalimaliza pamoja. Na mafuta ya taa usiyaguse tena bila mtu mzima."

Joëlle aliitikia kwa kichwa. Ua la babu lilikuwa limekwenda, na kulia hakungelirudisha.

Jumamosi iliyofuata, wasichana wa nzango walimwita mara mbili. Aliwaomba wamngoje. Alipiga magoti kibarazani, akachungulia kati ya miiba taratibu. Karibu na mchanga palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya chumvi.

"Kaku!" aliita kwa nguvu zake zote. "Kaku, kuja uone! Si vumbi!"

Kaku akatoka ndani, chupa ya alkoli na pamba mkononi.