Jicho Alilolinyoosha Mpiga Picha

"Huyu ni nani?"

Fundi cherehani alisimama katikati ya sebule ya mama mkwe mtarajiwa, kidole kwenye picha ukutani. Gauni lake. Tabasamu lake. Macho sasa! Yote mawili yametazama mbele, yamenyooka.

"Si wewe, mpenzi?" mchumba wake akajibu.

"Jicho langu la kushoto linaelekea puani tangu utotoni. La huyu haliendi popote."

Jamani, mwanaume ni mpiga picha. Kila siku anafuta chunusi za wateja hata hawajaomba, mkono umeshazoea. Alipomtumia mama yake picha ya mchumba, akanyoosha na jicho!

"Nilirekebisha kidogo tu..."

"Umemletea mama mchumba mwingine, mimi ukaniacha studio!"

Akabeba mkoba, akatoka. Baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya mpiga picha: "Usinipigie. Pete njoo uichukue kesho."

Kesho yake aliyetangulia kufika kwa fundi ni mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sijaja kumwombea msamaha, nimekuja kumchongea. Mtazame huyu."

Ilikuwa picha ya mtoto aliyenuna, kavaa miwani mikubwa, jicho moja limezibwa kwa plasta.

"Nani huyu?"

"Mchumba wako! Alikuwa na makengeza. Mashangazi wakasema eti nilimlaza vibaya. Daktari akasema ni upuuzi, misuli ya macho haivuti pamoja, basi ubongo ukasusa jicho moja, likawa zembe. Akampa miwani, tukawa tunaziba jicho zima ili lile zembe lifanye kazi. Likanyooka."

"Mbona hajawahi kuniambia?"

"Shuleni walimwita Plasta. Picha zake zote za utoto alizichana. Hii niliificha mimi."

Mlangoni mtu akakohoa. Mpiga picha alikuwa amefuata pete, akaikuta picha.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Acha hayo, umjibu mwenzio!"

Machozi yakamtoka kweli, si ya kuigiza.

"Sikukuonea haya wewe. Kila nikitazama picha yako nasikia wale watoto wanacheka. Nikaogopa watakucheka na wewe."

"Mimi wamenicheka miaka yote, na nguo zao za harusi nimewashonea. Kilichoniuma ni wewe kunifuta bila kuniuliza."

"Nisamehe. Sitagusa tena."

"Nataka kulitibu hili jicho, lakini. Nimeshamwona daktari. Anasema hata mtu mzima anafanyiwa upasuaji na macho yakakaa sawa."

"Kwa ajili yangu?"

"Hebu jione! Kwa ajili yangu. Nikichoka naona sindano mbili, nitajidunga mpaka lini? Miadi nimeweka mwenyewe, baada ya harusi."

"Kwa hiyo harusi ipo?"

Fundi akaangalia pete kidoleni. Kumbe hakuwa ameivua hata dakika moja.

"Ipo. Ila Plasta atundikwe dirishani studio, na mimi pembeni yake, na jicho langu hivi hivi."

Picha zikatundikwa kabla jua halijazama.

Siku ya harusi, mpiga picha mwenzake akainamia kompyuta, mbele yake bwana na bibi harusi wamegandana mashavu.

"Nirekebishe chochote hapa?"

"Ole wako!" wakapaza sauti wote wawili. Mama, kule nyuma, ndiye aliyepiga kigelegele.