Kikombe Alichokiacha Gratien

Gratien hakuwa na duka. Hakuwa na mtaji, wala jiko la kuokea, wala mtu wa kumdhamini benki. Alichokuwa nacho ni maandazi ya mkewe Anésie, na urafiki wa Abu Nizar, Mwiraki mwenye tanuri la mikate hapa kwetu Lidcombe, Sydney.

Ndugu wasomaji, urafiki ule ulikuwa biashara tayari. Kila Jumamosi walikunywa kahawa chungu wakiulizana habari za wazazi na watoto. Katika mazungumzo hayo hayo Abu Nizar alisema, "Tutie tende ndani ya maandazi, tuyaoke badala ya kuyakaanga." Yakapendwa hadi mtaa jirani wa Auburn.

"Kahawa, kahawa tu!" Gratien alinung'unika nyumbani. "Mkataba lini?"

"Baba Belyse, tulia," Anésie alimjibu. "Wenzako wanataka kumjua mtu kwanza. Au kahawa inakuuma tumbo?"

Hakutulia. Alikuwa amesikia kwamba kwa watu wa Abu Nizar, mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana haja nzito, na mwenyeji huona aibu kumnyima. Desturi hiyo ni ya kuposa na kupatanisha waliogombana. Gratien aliigeuza mtego.

Ilikuwa 2015, Ramadhani ikikaribia. Nyumbani kwa Abu Nizar, mbele ya wageni wazee, aliweka kikombe chini bila kunywa.

Abu Nizar alishtuka. "Kunywa, ndugu yangu. Haja yako imekubaliwa."

"Nataka tanuri alasiri zote za Ramadhani. Peke yangu."

Wazee walitazamana. Hiyo ndiyo saa ya kuoka mikate ya kufuturu.

"Ni lako," alisema Abu Nizar.

Akatimiza neno lake. Wateja walipokosa mikate walihamia kwingine, na maandazi ya Gratien yakakauka, maana wanunuzi walikuwa wale wale. Mke wa Abu Nizar akaacha kupokea simu za Anésie. Baada ya Idi, Gratien alipokwenda kumsalimu rafiki yake, alikaribishwa kiti, wakazungumza juu ya baridi. Kahawa haikuletwa.

"Umemshinda mwenzako," Anésie alimwambia akilia. "Haya, furahi."

FUNZO

Wenzetu Waarabu hutanguliza utu, kisha mali, na ndipo mawazo mapya huzaliwa kati ya watu. Atakayeifanya heshima ya mwenzake kuwa mtego atapata alichoomba na kupoteza aliyempa. Sisi Waafrika wa Sydney tusiuite huo ujanja.

Gratien aliniletea barua yake ya kuomba radhi niisahihishe. Sikugusa hata neno moja. Anésie alilamba bahasha, akaifunga, wakaenda wote wawili hadi sanduku la posta la stesheni, wakaitumbukiza.