Mtindi wa Matango wa Bibi Angelina

Hapa Oldeani hakuna kijana anayenishinda kupika. Nasema hivi bila aibu. Nikishika mwiko, hata sufuria hutulia. Kwa hiyo Bibi Angelina alipotaja chakula anachokitamani, sikuuliza mtu mwingine. Nilimjibu, "Bibi, hicho ni kidogo. Kesho unakula."

Bibi ni mama yake baba. Tangu Babu Emilian afariki, Bibi hali. Hajagoma. Anashukuru, anaonja, anasogeza sahani. Ugali unarudi. Makande yanarudi. Hata ndizi za nyama zinarudi, na zamani ukizigusa ndizi zake mlikosana. Pale zahanati walimpima wakasema, "Ugonjwa hatuoni. Mpeni kitu anachokipenda. Asipokula hivi, mtampoteza."

Jioni moja nilimtania. Kwetu bibi na mjukuu ni watani.

"Mke wangu, ukizidi kukonda nitatafuta mwingine."

"Tafuta," akasema. "Ila awe na meno, mimi yameisha."

Kisha akatazama moto.

"Unajua ningekula nini? Mtindi wa matango. Ule wa kwa Mgiriki."

Bibi alipokuwa msichana alipika kwenye nyumba ya shamba moja la kahawa. Mwenye shamba alikuwa Mgiriki. Babu alikuwa mpogoaji wa mibuni palepale.

"Mchana babu yako alikuja mlango wa jikoni," Bibi akasema. "Kofia mkononi, kama anaomba kazi. Nampa mkate nimeupaka mtindi wa matango. Anakula amesimama, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Ananiambia, 'Angelina, chakula cha baridi kwenye baridi hii, hawa watu wana akili kweli?' Halafu anaomba kipande kingine."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Ulikuwa unaufanyaje, Bibi?"

"Nimesahau. Nakumbuka mnanaa tu. Ulikuwa unaota pale kwenye bomba."

Asubuhi nilianza kazi. Nilichukua kibuyu chetu cha maziwa ya mgando. Kama nyumba nyingi za huku, kibuyu chetu tunakisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa mtamayo, ndipo tunatia maziwa. Maziwa yanashika harufu ya moshi. Tunayapenda hivyo. Nikakwangua matango, nikamwaga yote kwenye bakuli, nikakoroga.

Loo. Yalikuwa ya kijivu. Maji yalijitenga juu, vipande vya tango vikaelea kama vyura wadogo. Harufu ilikuwa ya moshi mtupu.

Hapo akaingia jirani yetu, dada Leonida. Yeye ni mpishi wa hoteli moja ya watalii Karatu, na mdomo wake hauna likizo.

"Fabian, unapaka nyumba chokaa?"

"Ni mtindi wa matango wa Bibi."

Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akaacha kucheka. "Haya maziwa yalichemshwa?"

"Dada, ya kibuyu huwa tunakamua tu na kutia."

"Huyu mzee hajala vizuri muda wote huu. Mwili hauna nguvu. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu. Yanaweza kuleta homa ile ya ng'ombe wanaotupa mimba, inaanika mtu kitandani miezi. Kuganda hakuui vijidudu. Ungempa?"

Nilikuwa nimeshaandaa kijiko. Nilichukua bakuli, nikaenda nyuma ya migomba, nikachimba shimo, nikamwaga, nikafukia. Nilikawia huko kidogo.

Niliporudi, Leonida alikuwa amekunja mikono ya blauzi.

"Osha mikono. Chemsha maziwa mapya mpaka yapande yatake kumwagika. Umeona? Sasa epua, yaache yapoe."

"Mpaka yawe baridi?"

"Hapana. Tia kidole kilichonawa. Kidole kivumilie bila kuungua. Yakiwa ya moto sana, utaua mtindi. Yakiwa ya baridi, hayatashika."

Alinipa kijiko cha mtindi wa dukani, usio na sukari. Huo ndio mbegu. Nikaukoroga ndani ya maziwa, nikafunika sufuria safi, tukaifunga kwa blanketi karibu na jiko.

"Usiichungulie," akasema. "Siyo kuku anayeatamia."

Kesho yake maziwa yalikuwa yameshikana, meupe. Leonida akayamimina kwenye kitambaa safi kilichochemshwa, tukakining'iniza juu ya beseni. Maji ya njano yakadondoka. Mtindi ukabaki mzito kama uji ulioganda.

"Hayo maji usimwage. Pikia ugali. Sasa matango. Uliyafanyaje jana?"

"Nilikwangua."

"Na maji yake?"

"Yalikuwemo."

"Ndiyo maana vyura wako waliogelea."

Nikaosha matango, yametoka Mang'ola. Nikamenya, nikakwangua, nikanyunyiza chumvi, nikayaacha yatoe maji. Kisha nikayakamua kwa mikono kama nguo. Nikachanganya na mtindi. Nikatia kitunguu saumu cha Mbulu kilichotwangwa, maji ya limau na mafuta kidogo.

"Wagiriki hutia ya zeituni," Leonida akasema. "Ukikosa, ya alizeti hayagombi. Mtindi huu uwekwe mahali pa baridi, umefunikwa. Uliwe leo au kesho. Ukilala sana, tupa."

Mwisho nikakatakata mnanaa.

Bibi aliunusa kabla ya kuonja. Alikaa nao puani muda mrefu. Kisha akachovya mkate, akala. Akachovya tena. Midomo ikawa myeupe.

"Emilian angeomba kingine," akasema. Akajipakia mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo mtindi ukafungua njia. Kwanza mkate, halafu viazi, halafu ugali. Mashavu yakarudi. Na maziwa ya kibuyu tunaendelea nayo, ila sasa tunachemsha kwanza.

Jumapili shangazi Sabina alikuja kutoka Karatu. Akakuta sahani ya mama yake imefutwa safi.

"Nani amemfanyia mama hiki?"

"Mimi," nikasema. "Sikufundishwa. Nilijaribu mara ya kwanza tu, kikakubali."

Bibi akajifuta midomo kwa kanga.

"Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa upande wa pili wa migomba naota jua," akasema. "Nilimwona huyu akifukia shimo. Alikuwa analia."

Shangazi akanigeukia.

"Ni kitunguu saumu, shangazi. Nilikuwa nimetoka kukimenya."

"Kitunguu saumu hakilizi mtu," Bibi akasema. "Lete mkate mwingine, mume wangu."