Ujumbe wa Fundi Ubaoni

“Nani alikuruhusu?”

Fundi aliuliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtia Mwalimu hofu. Kama angefoka, angalau Mwalimu angejua pa kuanzia. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kavaa ovaroli lake lililotobolewa na cheche, simu mkononi, na kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya ubao.

Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe, umenyooka vizuri. Juu aliorodhesha maneno ya Kiingereza ya kutoa ruhusa: allow, let, permit, grant, authorize. Chini yake akaandika “Tusiandike hivi,” kisha sentensi moja: “Please authorize me to love you without supervision.”

Yaani, tafadhali niidhinishe nikupende bila msimamizi. Fundi, mchumba wake, ndiye aliyemwandikia, miezi minane nyuma, alipokuwa anamtongoza. Fundi kazi yake ni kuchomelea matangi kiwandani, na huko huwashi moto mpaka kibali kisainiwe. Kibali chenyewe ni cha Kiingereza. Kiingereza chake chote alikiokota humo, na alipotaka kumfurahisha mwalimu wa Kiingereza, alitumia alichokuwa nacho.

Jumamosi iliyopita, darasa la watu wazima lilikuwa linasinzia. Mwalimu akatafuta mfano wa kuwaamsha, waone kwamba authorize ni neno la ofisini, halifai kutongozea mtu. Mkono ukaandika. Darasa zima likaangua kicheko, na yeye, Mungu amsamehe, aliona raha.

“Sikuandika jina lako,” alisema.

“Ungeandika tu, umalizie kazi.”

“Picha umeipata wapi?”

“Kwenye grupu la familia. Dada yangu si yumo darasani kwako? Kairusha na vicheko juu. Hajui ni mimi. Mama naye kaomba atafsiriwe. Unajua nani alimtafsiria?”

Mwalimu alitikisa kichwa, ingawa jibu alishalijua.

“Mimi. Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema, ‘Maskini, na huyo naye anatafuta mke?’”

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Nisamehe. Jumamosi nitasimama mbele ya darasa, nitawaambia nilikosea.”

“Utawaambia nini? Kwamba yule mjinga ni mchumba wako?”

“Nitasema ukweli.”

“Ili wewe upumue, sio? Halafu mimi nichekwe kwa jina sasa.”

Ndivyo ilivyokuwa. Hata msamaha Mwalimu alikuwa anauomba ili apate nafuu yeye.

“Basi unaniruhusu nimwambie nani?”

“Hakuna. Kaa nayo moyoni, kama mimi.”

Akaondoka. Siku tatu Mwalimu alituma ujumbe, siku tatu kimya. Ijumaa jioni ujumbe wa Fundi ukaingia.

“Jumapili njoo nyumbani. Mama anakusubiri tupange tarehe ya harusi.”

Hakukuwa na “mpenzi” wala “mwalimu wangu”. Mwalimu aliusoma mara kumi akitafuta kama anaitwa kuolewa au kuachwa mbele za watu.

Jumapili walikaa mezani wanne: mama mtu, Fundi, dada yake, na Mwalimu ambaye chakula hakikushuka. Wifi mtu alianza hata kabla ya kumaliza kunawa.

“Wifi, hebu tuambie, yule wa bila msimamizi ni nani? Tutajie tu, jamani, hatusemi!”

Mama akaanza kucheka upya. Fundi aliinamia sahani. Mwalimu alijua angecheka nao kidogo tu, mambo yangepita. Mdomo ukamgomea.

“Wifi, tuache hiyo.”

“Tuache nini? Mbona uliiweka ubaoni?”

“Siwezi kumtaja. Sijaruhusiwa.”

“Hujaruhusiwa na nani?”

Fundi akaweka kijiko chini.

“Na mimi. Niliandika mimi.”

Kicheko kilikatika. Dada mtu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

“Kaka! Uwii, nisamehe, sikujua.”

“Na mimi nikasema vile,” mama alisema, sauti imemwishia. “Mwanangu wa kumzaa.”

Mwalimu alisimama.

“Mama, kosa si lenu. Alinitumia mimi peke yangu, mimi nikaitoa nje. Nilitaka kuonekana mwalimu hodari. Sikumwomba ruhusa, na somo lenyewe lilikuwa la kuomba ruhusa.”

“Na siku alipokutumia, ulicheka?” mama aliuliza.

“Nililia, mama. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kitu kizuri namna ile. Hilo darasani sikulisema.”

Fundi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Mama akamgeukia.

“Umemsamehe?”

“Bado.”

Mwalimu akachukua mkoba wake. Alishafika mlangoni.

“Unakwenda wapi?” Fundi aliuliza.

“Si umesema bado?”

“Nimesema bado. Sijasema ondoka. Kaa, tarehe haijapangwa.”

Alirudi akakaa, machozi yanamchuruzika mbele ya wifi na mama mkwe, na hakuyafuta. Mkono wa Fundi ulikuwa mezani, na kovu la moto kwenye kidole gumba. Zamani angeushika tu bila kufikiri.

“Naweza kukushika mkono?” aliuliza, wote wakisikia.

Fundi alilitazama lile kovu mpaka mama akaanza kujikohoza. Kisha akaugeuza mkono wake, kiganja juu.