Mimi Ndiye Mkorosho wa Kwanza

Naanza na jambo ambalo Kibaha nzima inalijua. Mimi Faraji sijawahi kumwacha mwenzangu vitani. Kwenye gemu wala mtaani. Kaulizeni Maili Moja, mkimaliza nendeni mpaka Dutumi.

Haya, sasa someni kwa utulivu.

"Leteni petroli."

Sauti hiyo ilitokea chini yangu. Chini kabisa, yaani ningetema mate yangemwangukia aliyesema.

Mimi nilikuwa juu ya mti, nimekumbatia tawi kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Chini watu wamemzunguka Latifu. Amepiga magoti, damu inamtoka puani. Mmoja ana panga. Mwingine anatikisa kiberiti, unasikia njiti zinavyogongana mle ndani...

Chaka. Chaka. Chaka.

Tulieni. Niwarudishe nyuma kidogo, maana najua kilichowaleta hapa ni lile neno.

Wiki nzima mnabishana kwenye group neno "mkorosho" limetoka wapi. Kwa wageni wa hapa: mkorosho, kwenye gemu zetu za bunduki za simu, ni mtu anayejibanza. Hapigani. Anawaacha wenzake wamalizane, mwishoni anaibuka anachukua ushindi. Zamani tulimwita kampa, kutoka Kiingereza "camper".

Mwanzoni lilikuwa tusi. Ukiitwa mkorosho unaweka simu chini, mnatazamana usoni.

Halafu jamaa mmoja akabeba mashindano kwa staili hiyo hiyo ya kujibanza. Basi, neno likavaa suti. Leo madogo wanaliweka kwenye majina ya akaunti: Mkorosho Dume, Mkorosho Hatari. Shuleni, yule anayekaa kimya kwenye diskasheni halafu anapata A peke yake, mkorosho. Juzi nimemsikia mama wa vitumbua akimwambia mumewe, "Acha umkorosho, toka uongee na mwenye nyumba."

Mmoja wenu kaandika limetoka Kenya. Mwingine anasema ni la Wachina waliotengeneza gemu.

Jamani. Limetoka Masaki.

Si Masaki ya Dar, ya maghorofa. Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mkaa. Na nilikuwepo likizaliwa.

Ilikuwa msimu wa korosho. Kikosi chetu kimeingia fainali, na mdunguaji wetu, Latifu, ameitwa kijijini kumsaidia bibi yake kuokota korosho. Huyo Latifu akiwa na bunduki ya masafa anampiga mtu aliye dirishani hata kama dirisha limefungwa. Bila yeye sisi ni wasindikizaji.

Akanipigia kwa simu ya kuazima.

"Mwanangu, simu yangu imezama kwenye ndoo."

"Fainali leo alasiri, Latifu."

"Ndiyo nakwambia."

Nikachukua pikipiki ya mjomba, nikabeba simu ya ziada, nikapita Kisarawe mjini, nikashuka mpaka Masaki. Vumbi kichwani kama nimepakwa unga.

Nikamkuta Bibi Rukaya uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuokota?"

"Nimekuja kumwona Latifu, bibi."

"Haya. Wa kumwona wengi, wa kuokota hakuna."

Pale nyumbani mtandao sifuri. Latifu akasema kuna kamwinuko shambani kwa Mzee Kibwana, jirani yao wa mbali, ukikaa chini ya mkorosho mkubwa wa pale mtandao unasoma mpaka juu.

Binamu yake Salama alikuwa anatuletea maji. Binti ana mdomo huyo...

"Msiende kukaa shambani kwa watu msimu huu," akasema. "Juzi wameibiwa magunia ya korosho. Wanasaka watu wenye pikipiki."

"Sisi tuna sura ya wezi?" nikamuuliza.

"Wewe unayo."

Tukaenda.

Pikipiki nikaiegesha pembeni ya njia. Tukakaa chini ya ule mkorosho, matawi yameinama mpaka yanagusa ardhi, ndani kama chumba. Latifu akaziba masikio yote mawili kwa earphone. Akizama kwenye gemu huyo humwamshi hata kwa adhana.

Mimi nikafa mapema. Kwenye gemu, namaanisha. Nikavua earphone, nikabaki namtazama anavyodungua.

Ndipo nikasikia filimbi.

Kisha sauti za watu, nyingi, zinakuja kwa kasi.

"Pikipiki hii hapa."

"Injini ya moto bado."

"Wamo humu humu. Zungukeni."

 

Latifu alikuwa hatua moja kutoka kwangu, kanipa mgongo, anatabasamu na simu. Hajasikia kitu.

Nikapanda mti.

Msinihukumu. Nilipanda ili nione adui wako wangapi na wametokea upande gani. Kila anayecheza gemu anajua, mwenye kimo ndiye mwenye vita. Nilishindwa tu kumgusa bega kwa sababu ya haraka.

Wakaingia. Kofi la kwanza lilirusha zile earphone mpaka kwenye majani makavu.

"Magunia yako wapi?"

"Magunia gani?"

"Nani mwenye pikipiki?"

Latifu akainamisha kichwa.

Wale mnaowasoma kwenye habari, wananchi wenye hasira kali, mimi nimewaona kwa juu. Wanaonekana watu wa kawaida tu. Mmoja amevaa jezi ya mpira. Mwingine ana ndala za rangi mbili tofauti. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi, kwamba mtu mwenye ndala za rangi mbili anaweza kumchoma mwenzake moto halafu akarudi nyumbani kula ugali.

Mzee Kibwana mwenyewe alisimama pembeni na fimbo, anahema. Hakuwa anapiga. Ila hakuwa anazuia.

"Dogo, sema mwenye pikipiki. Tunajua mko wawili."

Latifu macho chini.

Panga likageuzwa, likashuka kwa upande wa mpini kwenye mkono wa Latifu. Nikasikia mlio. Sitauelezea.

Na hapo ndipo walipoanza kunipanda.

Kuna wadudu wekundu wanaishi kwenye mikorosho, wanashona majani kwa majani wanafanya viota. Kule wanawaita maji moto. Ukiumwa mara moja tu unaelewa jina. Mwenyeji hawezi kupanda mti wenye maji moto, ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyefikiria kutazama juu.

Mimi mtoto wa Kibaha nilikuwa nimekalia kiota.

Wakaingia shingoni. Wakaingia kwenye kope. Wakaingia mahali ambapo siwezi kupaandika, mama yangu anasoma huu ukurasa.

Siwezi kujikuna. Siwezi kupumua. Nimeng'ata kola ya shati langu, machozi yanashuka yenyewe, na kila nikitetemeka majani yanadondoka. Moja... lingine... Nayatazama yanavyoelea kwenda chini nikisoma dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine ambazo sikufundishwa.

"Kwa mara ya mwisho. Mwenzio yuko wapi?"

Latifu ameinamisha kichwa.

"Leteni petroli."

Mwenye ndala akaiendea pikipiki ya mjomba. Wakaanza kukinga mafuta kwenye chupa ya maji. Harufu ikapanda mpaka juu nilipo.

Katikati ya hayo akatokea Salama na sufuria la mihogo. Akaliangusha. Akasimama pembeni analia lia tu, mnawajua mabinti.

Basi mimi nikaona imetosha.

Nikashuka.

Ndiyo, nilishuka, wadau. Niliruka kutoka juu nikatua katikati yao na maji moto wangu mwilini. Kila mtu akarudi nyuma.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Pikipiki ni yangu. Mwachieni huyo, nichukueni mimi."



Mzee Kibwana akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Mwizi hajileti. Waacheni."

Kiberiti kikarudi mfukoni. Mafuta yakamwagwa chini.

Latifu akaniegemea, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mkorosho. Unasubiri, unasubiri, halafu unatokea."

Alijua ningetokea? Hakujua. Hata kwamba niko juu yake hakujua. Lakini jina alinipa yeye, kwa heshima, na mimi nikalipeleka kwenye kikosi. Kutoka hapo ndipo lilipoenea. Kwa hiyo anayelitumia kama tusi, na anayesema limetoka Kenya, wote wanakosea. Mkorosho maana yake halisi ni mtu anayejua saa ya kushuka.

Funzo: mwoga hupanda mti ili ajifiche, shujaa hupanda ili aone.

Wapelekeeni wenzenu.

*

NYONGEZA

Nilitaka kuifuta comment moja hapo chini. Bahati mbaya mmeshaipiga picha, na kuna dogo wa Dutumi ameifanya stika. Basi naibandika mwenyewe, na majibu yangu, kabla hamjanichafua zaidi.

Salama: Kaka Faraji, habari za Kibaha.

Mimi: Salama! Mdogo wangu. Nzuri tu. Njoo inbox.

Salama: Hapa hapa panatosha. Hivi ulishuka saa ngapi?

Mimi: Si nimeeleza hapo juu.

Salama: Mimi nilikuwepo hapo chini. Ndiyo nilikuwa nalia lia, umesahau?

Mimi: Ulikuwa umeshtuka, huwezi kukumbuka vizuri.

Salama: Nakumbuka niliangusha mihogo nikaenda kusimama kati ya Latifu na yule mwenye chupa ya mafuta. Yakanimwagikia kwenye khanga. Nikamwambia Mzee Kibwana, babu, huyu ni mjukuu wa Bibi Rukaya, mtoto wa marehemu dada yake Jumbe, yule fundi aliyekuchimbia kisima. Na pikipiki ni ya mgeni wetu, amefika leo, maji ya kunywa nimempa kwa mkono wangu. Magunia yaliibwa juzi. Mtu aliyefika leo ataibaje juzi?

Mimi: Sawa, ulichangia. Sijakataa.

Salama: Akaniuliza, mgeni mwenyewe yuko wapi? Nikatazama juu. Tukatazamana, wewe na mimi. Umeng'ata kola.

Mimi: Salama.

Salama: Nikamwambia amerudi nyumbani kuchukua chaja. Sijawahi kumdanganya mzee wa watu maishani mwangu kabla ya siku hiyo.

(Hapa watu mia na kitu wameweka alama ya kucheka. Asanteni sana.)

Mimi: Nilikuwa nakaribia kushuka.

Salama: Mzee akatuachia, tukaondoka, ukabaki juu. Tukampeleka Latifu zahanati, ukabaki juu. Ulikuja nyumbani jua limezama, uso umevimba kama andazi, ukamwambia bibi ulikimbia kuita polisi. Bibi akakupaka mafuta ya nazi na hakukuuliza polisi wako wapi.

Mimi: Neno basi. Neno ni langu au si langu? Tumalizie hapo.

Salama: Neno nililiandika mimi. Jioni ile tukiwa zahanati, kwenye group la kikosi chenu waliuliza mbona mmepotea kwenye fainali. Nikachukua simu uliyomletea Latifu nikajibu: "Latifu amevunjwa kidole gumba. Faraji yuko mkoroshoni." Wakadhani ni utani wa gemu. Wakaanza kuitana hivyo, Faraji wa mkoroshoni, mkorosho, mkorosho. Na wewe uliona linachekesha, ukaliacha liende. Lilivyogeuka sifa ukalikimbilia.

Mimi: Latifu mwenyewe hajawahi kulalamika. Muulize. Yule ni mwanangu, angejua nilikuwa juu angenisema.

Salama: Ndiyo maana nimekuja kuandika, wala si kwa ajili ya neno. Ningekuachia hilo neno ulile na chai.

Salama: Ila hapo juu umeandika hakujua.

Salama: Alijua, Faraji. Majani yalikuwa yanamwangukia kichwani. Aliniambia zahanati, wakati wanamfunga ule mkono. Kila walipomuuliza mwenye pikipiki yuko wapi, aliinamisha kichwa makusudi. Aliogopa akiinua macho hata kidogo tu, na wao watainua.

Salama: Gumba halikuunga vizuri. Hawezi kushika bunduki yako ya simu tena, wala ndoo.

Salama: Umeandika funzo zuri sana la shujaa na mti. Lifute. Andika lingine, tupo hapa tunasubiri.