Kabati la Nesi Philomena

“Na humu ndani kuna nini?”

Urban, mkadiriaji wa kampuni ya kuhamisha vyombo kutoka Arusha, alikuwa amesimama na futi yake mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. Makochi alishayapima, vitanda alishavipima, hata mapipa ya mahindi alikwisha kuyazunguka akiyapigapiga kama anayenunua ng'ombe. Kilichobaki ni chumba hicho tu. Nesi Philomena alitazama sakafu. Mumewe, Mzee Gidion, aligeuka akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ameshawauza. Binti yao Belinda, aliyekuja likizo kutoka chuoni Dodoma ili asaidie kufunga mizigo, alijitia kufunga boksi ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Urban akatega sikio mlangoni. Akatabasamu.

“Mama, chumba chenu kinaimba.”

Hapo ndipo Belinda alipougeukia mlango. Mtu aliyekuwa nyuma ya mlango ule hakuwa ameimba hata siku moja tangu azaliwe.

“Kaka, usiguse hapo,” mama yake akasema. “Kuna jini.”

Hilo halikuwa jibu. Ulikuwa uongo wa miaka mingi, na tusiuite jina la adabu. Kijiji chote cha Nambis, huko Mbulu, kilikuwa kimeusikia. Nesi Philomena aliwaambia majirani kwamba mpangaji aliyetangulia, afisa mmoja wa serikali kutoka Tanga, aliacha jini la kike katika chumba cha nyuma. Linanukia udi, alisema. Linaimba polepole. Linapenda kusuka nywele. Watoto wa jirani yao Oliva walipozidi kuchungulia dirishani, akaongeza la mwisho, kwamba yule afisa alipohama jini lilimzuilia mtoto wake, na hakuonekana tena. Watu wakaamini. Watu wa nyanda za juu zile wana hofu zao za tangu enzi, za vijito na chemchemi, lakini jini la pwani nani angeweza kulihakiki? Na yule afisa, masikini, alikuwa kapera mpole aliyesalimia kila mtu na kuacha shamba zuri la maharage. Ndiye aliyesingiziwa.

Chumbani alikuwamo Lucia.

Lucia ni mdogo wake Belinda. Ana mtindio wa ubongo. Shingo haikazi, miguu haimbebi, neno halijamtoka. Alizaliwa mama yake akiwa masomoni mbali, akaletwa Nambis mgongoni chini ya blanketi, siku ya ukungu, na tangu hapo hakuna jirani aliyemwona. Akisikia njaa hupiga kelele, na kelele zile zilihitaji maelezo. Basi zikapewa jini. Na huyu ndiye nesi aliyepima watoto wa wenzake kliniki kila wiki, akiwaambia kina mama, “Jamani, msifiche watoto, mtoto ni baraka.” Walimpenda kwa maneno hayo. Sasa alikuwa amepandishwa cheo, anahamia zahanati moja kule Nangwa.

Jioni, Urban alipoondoka, Belinda alimbana mama yake jikoni. Walinong'ona, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imewafundisha wote kunong'ona.

“Mama, tumweke mbele, kwenye gari, akae kama mtu.”

“Uani watajaa watu kuaga. Katekista atakuja kuomba. Unataka nisimame nianze kueleza leo?”

“Leo ndiyo.”

“Nangwa hawanijui. Nitamtoa juani tangu siku ya kwanza. Nitasema nina binti mgonjwa, basi. Hapa siwezi, mwanangu. Hapa nimeshasema mengi.”

“Huo ni woga, mama. Na unajua.”

“Sawa, wewe mwenye mdomo.” Mama alikuwa akifunga sahani kwa magazeti, hakumtazama. “Ule mdahalo wenu wa haki za walemavu, mliopewa kikombe. Ulimwambia nani kule kwamba una mdogo wako?”

Wenzake chuoni walijua yeye ni mtoto wa pekee.

Mpango wa mama ulikuwa huu. Kampuni haihamishi vyombo gizani, kwa hiyo kujificha usiku haiwezekani. Lakini kulikuwa na kabati kubwa la mninga. Mzee Gidion alitoboa matundu nyuma yake, akatandika godoro chini, akapigilia vipande vya kitenge vya kumfunga Lucia asianguke. Kabati litapakiwa mwisho, wima, karibu na mlango wa lori. Wakishapita Dongobesh, mahali pasipo watu, watasimamisha lori na kumtoa. Urban aliporudi kuleta maboksi akayaona matundu, aliuliza ni ya nini. “Nguo zisiote ukungu,” mama akasema. Kwa baridi ya Mbulu, lilikuwa jibu zuri.

Belinda hakumpinga tena. Alijiambia ni safari fupi.

Kesho yake mchana alimpelekea Lucia uji. Alipofungua mlango, harufu ilimpokea kabla ya mdogo wake, tamu na nzito, ya moshi wa udi, katika nyumba ambayo haikuwahi kuwa na udi. Akakaa kitandani, akamwinua Lucia kichwa. Nywele zile zilizosokotana, ambazo hakuna aliyejisumbua nazo kwa miezi, zilikuwa zimechanuliwa upande mmoja. Nyuma ya sikio kulikuwa na msuko mmoja mwembamba, umekazwa vizuri, bado una unyevu wa mafuta.

“Mama, umemsuka Lucia?”

“Nimsuke saa ngapi na mizigo yote hii?”

“Baba?”

Mzee Gidion aliitazama mikono yake ya jembe, kama vile nayo ingeweza kumgeuka, kisha akatikisa kichwa.

Siku iliyofuata misuko ilikuwa imejaa nusu ya kichwa, imenyooka kama matuta ya viazi. Lucia hakuwa na njaa. Alikuwa anacheka, lakini hakumchekea Belinda. Alikichekea kile kipande cha ukuta kilicho juu ya kichwa chake, mahali ambapo uso wa mtu anayekusuka ungekuwa. Na aibu iliyompata Belinda wakati ule ilikuwa mbaya kuliko hofu, kwa kuwa hakukumbuka ni lini mtu wa nyumba ile alikaa na Lucia muda wa kutosha kumsuka kichwa kizima.

Alasiri ukungu ulishuka kutoka msituni ukaziba madirisha, na Belinda, aliyekuwa akiziba maboksi kwa selotepu ukumbini, alisikia wimbo ukianza tena, mdogo, wa kubembeleza, maneno yake hayashikiki, ukienda na kurudi kama mtu anayeyumba taratibu na mtoto mapajani, na alipousogelea mlango alisikia pumzi za Lucia, zile pumzi zake za kukwama anazozijua tangu utoto, na juu yake pumzi nyingine, ndefu, tulivu, za mtu aliye kwake.

“Nani?” akanong'ona.

“Miye,” sauti ya kike ikasema. “Si mwanisema kila uchao? Nimekuja.”

Hakuna mtu Nambis anayesema miye.

Belinda alimkuta mama yake na sahani moja mkononi, anaifunga, anaifungua, anaifunga tena. Naye alikuwa amesikia.

“Yale yote nilitunga,” mama alisema. “Wallahi, nili... ona, hata kiapo si changu. Nilitunga, Belinda.”

“Udi?”

“Nilitunga.”

“Kuimba? Kusuka?”

“Nilitunga.”

“Na la mtoto wa yule afisa?”

Mama aliiweka sahani mezani. “Hakuwa na mtoto,” alisema. “Nilitaka tu watoto wa Oliva wasichungulie.”

“Basi litamzuilia nani, mama? Kesho tunahama, na mtoto aliye ndani ni mmoja.”

Wangemwita nani? Katekista yuko karibu, na wazee wanaojua mambo ya mizimu wapo. Lakini kumwita mwombaji ni kumfungulia mlango, na kumfungulia mlango ni kumwonyesha Lucia. Walikaa watatu jikoni wakilipima jambo hilo, baba, mama na binti msomi, na ninaona haya kuandika kwamba walilipima. Mwishowe mama akasema, “Tukifika Nangwa.” Wakakubaliana.

Lori lilifika asubuhi, taa zikiwa zimewashwa kwa ajili ya ukungu. Vijana wa kampuni walikuwa na ovaroli za bluu na utani mwingi. Majirani walijaa uani na chupa za chai. Ndani, mama alimpa Lucia kijiko cha dawa ya usingizi, akamfunga kwa vitenge, akambusu, akafunga kabati kwa ufunguo. Nywele za Lucia zilikuwa zimekwisha kusukwa kichwa kizima.

Wabebaji wanne walilitoa kabati wakiguna. Lilipofika katikati ya ua, likaanza kuimba.

Walilitua chini kwa kishindo. Mmoja aliruka nyuma akakanyaga sufuria.

“Nesi,” Urban alisema, na utani ulikuwa umemtoka, “sisi hatubebi kiumbe ndani ya vyombo. Hata kuku tunakataa.”

Oliva alishika kifua. “Mama Belinda! Ndilo lile?”

“Ndilo,” mama akasema.

“Unahama nalo?”

“Afadhali nihame nalo kuliko niwaachie ninyi na watoto wenu.”

Majirani wakapumua. Mtu akasema, “Mungu akubariki, nesi.” Mwingine akaanza kulia kwa shukrani. Philomena alizipokea baraka hizo, uso umeinama.

Lakini Urban hakuwa mtu wa pale. Alimgeukia Belinda. “Dada, wewe uko chuo. Niambie kweli, humu kuna mtu?”

Ua mzima ukamtazama, na Belinda, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya watu, aliona macho ya mama yake yakimwomba, akaona mgongo wa baba yake, akamwona Oliva aliyempa maziwa utotoni, na vijana aliosoma nao ambao wangemwambia kila mtu Mbulu mpaka Dodoma kwamba yule mtetezi wa wanyonge alimfungia mdogo wake kabatini, na akafikiri ni mwendo wa kufika Dongobesh tu, na akafikiri baadaye atasema, baadaye atasema yote, na wimbo ndani ya kabati ukapungua, ukapungua kabisa, kama vile aliyekuwa akiimba naye alitaka kusikia jibu.

“Hakuna mtu,” Belinda alisema.

Kisha, kutoka ndani ya kabati, kwa upole wa mgeni aliyekaribishwa vizuri, sauti ikasema:

“Ahsanteni.”

Wabebaji, kwa hofu na haraka ya kumaliza, walilivamia tena kabati. Waliliinua kwa nguvu ileile ya mwanzo, na nusura waanguke wote chali, kwa maana lilikuwa jepesi.

“Fungua!” Belinda alipiga kelele. “Mama, fungua! Lucia! Lucia yumo humo!”

Mama alikosa tundu la ufunguo mara kwa mara mpaka Urban akamsaidia. Mlango ukafunguka. Godoro lilikuwa bado na joto, limebonyea mahali pawili. Vitenge vilikuwa vimefungwa, mafundo yake hayajaguswa. Udi ulitoka mzito hata watu wakakohoa.

“Lucia ni nani?” Oliva aliuliza.

Ndipo Philomena akapiga magoti kwenye matope akasema kila kitu. Alisema alimzaa, alimficha, jini alilitunga, na yeye ni nesi mzima. Alisema kwa sauti ambayo haijawahi kusikika katika ile nyumba. Na majirani wakamhurumia sana. Wakatazamana, wakasema, “Limempanda.” Katekista akamwekea mikono kichwani. Kadiri alivyolia, “Ni mwanangu, ninyi, ni mwanangu!” ndivyo walivyozidi kuomba limtoke.

Kituoni, askari wa polisi aliwasikiliza kwa subira. Aliomba picha. Hawakuwa nayo. Cheti cha kuzaliwa? Hakikuchukuliwa. Jirani yeyote aliyewahi kumwona? Urban aliulizwa, naye ni mtu mkweli. Alisema alisikia kuimba. “Huyo binti huwa anaimba?” askari akauliza. Ikabidi Belinda aseme hapana.

Vyombo vilishushwa palepale. Nangwa alipelekwa nesi mwingine. Philomena siku hizi hukaa chumba cha nyuma, mlango wazi, na humweleza kila anayepita njiani. Watu humpa pole na kuongeza mwendo. Belinda ameacha chuo. Anazunguka minadani, Dongobesh, Bashanet, Katesh, mpaka Getanuwas kwa wafugaji, na hapati wa kumwamini ila wachache wanaosema waliona kitu. Mwanamke mrefu, wanasema, anapita kandokando ya mashamba wakati wa ukungu. Ananukia. Mgongoni amembeba msichana mkubwa, nywele zimesukwa vizuri mno, na msichana anacheka. Waliomwona walikimbia, wote.

Wewe usikimbie. Anaitwa Lucia Gidion Sulle, ana miaka kumi na tisa, kichwa chake huinamia kushoto. Ukimwona, tafadhali mwite kwa jina lake, kwa sauti, watu wasikie.